Kunde Zilizokuja Kufichwa Kariakoo

Shangazi alipofika hakuketi. Bibi alimtandikia mkeka ukumbini, akamwekea mto wa kuegemea, akamletea maji, naye akayanywa akiwa wima, mkono mmoja ukutani, macho kwenye mlango alioingilia. Nje ilikuwa Kariakoo ya mchana wa Novemba. Mikokoteni ilikuwa ikigombea njia, mtu wa kipaza sauti akinadi sufuria kwa sauti iliyokwisha kupasuka, na jenereta la ghorofa linalojengwa nyuma yetu lilinguruma mpaka vikombe vikatetemeka kabatini. Kila pikipiki ilipopiga honi, shangazi alishtuka bega moja tu, la kushoto, kana kwamba la kulia lilikwisha kuchoka kushtuka.

Namwita shangazi kwa sababu ni binamu yake baba. Mama yake ni mdogo wake Bibi, tumbo moja, aliyeolewa zamani ng'ambo ya Ruvuma, kaskazini mwa Msumbiji, enzi ambazo kuvuka mto ule kwenda harusini au matangani ilikuwa safari ya kawaida kama sisi tunavyovuka kwenda Kigamboni. Huyo mdogo wake tunamwita Bibi Mdogo. Nilimwona mara moja, nikiwa mtoto, na ninachokumbuka ni kicheko chake kilichokuwa kikianza kabla ya kichekesho chenyewe. Kisha watu wenye bunduki wakaingia vijijini kwao, na Bibi Mdogo akawa sauti ya kwenye simu, tena simu ya watu.

Shangazi alikuja kuomba majembe mawili, sufuria, chandarua na nguo za watoto. Watoto wake wawili alikuwa amewaacha na Bibi Mdogo katika kijiji kimoja cha bara huko huko Msumbiji, mbali na pwani yao, kwa watu waliowapokea walipokimbia. Alitakiwa arudi kabla ya mvua. Hilo alilisema akiwa bado mlangoni, kabla hata ya kumaliza salamu: "Shikamoo mama mkubwa, sitakaa."

Mizigo yake ilikuwa begi moja la mgongoni la mtoto wa shule, lenye picha ya kipepeo, na fundo la kanga lililofungwa mara mbili. Begi alilitupa pale pale. Fundo alilipeleka mwenyewe chumbani kwa Bibi, akapanda juu ya kigoda, akaliweka juu ya kabati, mahali pakavu. Halafu, na viatu vyake miguuni, akajilaza ukingoni mwa kitanda cha Bibi na usingizi ukambeba.

Inabidi nieleze desturi ya nyumba yetu. Bibi amelelewa Mikindani, na kwao mgeni atokaye shamba haji mikono mitupu. Lakini pia hakabidhi mkononi, maana kukabidhi ni kujionyesha. Analiingiza fungu lake ndani, analiweka mahali, ananyamaza, na mwenyeji analiona mwenyewe. Mwenyeji naye hashukuru kwa mdomo. Shukrani yake ni chungu. Anapika siku hiyo hiyo, mgeni asije akalala kabla ya kuonja alichokileta, na majirani wanapelekewa, wengine kilichoiva, wengine kibichi, ili mtaa ujue kwamba nyumba hii imepata mgeni mwenye mkono. Nimekula mihogo, maboga, mbaazi na samaki wa kukaushwa kwa njia hiyo maisha yangu yote, na sijawahi kusikia mtu akiuliza, hii ni yetu?

Kwa hiyo Bibi alipoingia chumbani kuchukua kanga yake ya kuswalia na kuliona lile fundo, alilifungua. Zilikuwa kunde. Kunde ndogo, nyekundu iliyokolea, zenye jicho jeusi, kavu kiasi kwamba zilipomiminika kwenye ungo zililia kama mvua ya mwanzo juu ya bati. Bibi akakaa kitandani miguuni pa mgeni wake, ungo mapajani, akafuta macho kwa upindo wa kanga.

"Hata vitani," aliniambia kwa kunong'ona, "mdogo wangu hajasahau adabu."

Alizipika kwa nazi mbili, tui zito la mwisho akilitia moto ukiwa umepunguzwa. Mimi nilipeleka sahani tatu za zilizoiva kwa majirani wa uani. Zilizobaki mbichi, nilikuja kujua baadaye, Bibi alizigawa bakuli mbili na kuzipeleka mwenyewe. Harufu ilijaa ukumbi, ikatoka hadi barabarani, na fundi cherehani anayekaa barazani kwetu akauliza kama kuna harusi ambayo yeye hakualikwa.

Magharibi shangazi aliamka, akaoga, na sasa akaketi. Tulikula kwenye sinia, sisi watatu. Alimega tonge la wali, akalichovya, akalitia mdomoni, akasita kutafuna. Nilimwona akizitazama zile kunde kama mtu anayemtazama mtu wake kwenye umati wa watu, bila uhakika. Halafu akaendelea kutafuna, polepole, muda mrefu kuliko tonge lile lilivyostahili.

"Kula, mwanangu," Bibi alisema. "Mama yako katuletea utamu."

Akala. Akala mpaka upande wake wa sinia ukang'aa. Akalamba vidole, akasema alhamdulillahi, akanawa. Ndipo akauliza, kwa adabu kabisa, akiangalia maji ya kunawia yaliyokuwa yamebadilika rangi, "Mama mkubwa, zimebaki?"

"Zibaki za nini? Za mgeni haziwekwi."

"Ilikuwa mbegu," shangazi alisema.

Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Bibi aliuliza kwa nini, kama ilikuwa mbegu, imebebwa kutoka huko inakotakiwa kupandwa mpaka huku kwenye lami. Swali lilikuwa la haki. Shangazi akajibu, na jibu lake lilichukua sehemu kubwa ya jioni ile, kwa vipande, huku akiinuka kila mara kwenda mlangoni na kurudi.

Msimu wa kwanza, alisema, walikimbia mahindi yakiwa ya magotini. Walilala porini wakaona moshi wa upande wa kwao, wakajua. Msimu wa pili walikuwa tayari kwenye kijiji cha kwanza cha ugenini, na mihogo yao ilikuwa imekomaa huko nyuma, umbali wa kutembea. Watu waliorudi kuing'oa wengine walirejea na mizigo, wengine hawakurejea, basi ikawa mihogo inaozea ardhini na watu wanalala njaa wakiijua mahali ilipo. Baharini nako hakuendeki. Chombo kikitoka hakijulikani kitapigwa risasi na upande upi. Unga wa msaada ulikuja mara kadhaa, kisha barabara ikafungwa na unga ukabaki mji mwingine. Wakahama tena. Wenyeji wa kijiji cha sasa waliwapokea vizuri, wakawapikia, wakagawana nao ghala mpaka ghala likaonyesha sakafu. "Sasa wenyeji nao ni kama sisi," shangazi alisema, "ila wao wamekimbiwa na chakula wakiwa kwao."

Katika kukimbia kote huko, Bibi Mdogo hakubeba sanduku la nguo. Alibeba kunde. Alizilalia kama mto. Watu walijua, na mwenye mtoto anayelia alikuja kuomba kiganja kimoja tu, na Bibi Mdogo akakataa, na kukataa huko kulimnyima usingizi kuliko njaa yenyewe. Hatimaye asubuhi moja shangazi alirudi kutoka kuokota kuni akamkuta mama yake amekaa mbele ya maji yanayochemka, fundo limefunguliwa magotini. Hakuwa amezitia. Alikuwa anazitazama. Alilifunga fundo mara mbili, akamkabidhi bintiye.

"Nenda nazo kwa dada," alimwambia. "Kule wanashiba. Zikikaa hapa tutazila."

Bibi aliposikia hivyo alijifunika uso kwa kanga, na sikujua kama analia au anataka asionekane tu.

Kunde si zao kubwa. Lakini ndizo zinazowahi. Wiki chache baada ya kuota unachuma majani, watoto wanapata mboga, na kabla mahindi ya watu hayajatoa mbelewele wewe umeshaanza kupukusa maganda. Na lilikuwepo jambo la kiwanja. Mwenyeji mmoja alikuwa amewapa kipande cha ardhi, kwa sharti kwamba mvua ya kwanza ikipita hakijapandwa atakigawa kwa familia nyingine. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watu wengi waliopanga foleni mlangoni kwake, na ardhi ya kulala wazi hakuwa nayo.

Siku zilizofuata tulitembea. Wakati huo nilikuwa naandika riwaya yangu ya pili na kila asubuhi nilijiambia nitarudi mezani adhuhuri. Sikurudi. Shangazi hakuweza kukaa ndani. Bibi alitusukuma pia, akitukabidhi mwavuli, akisema Kariakoo hakuna kisichopatikana, nendeni mkatafute. Na ni kweli, hakuna kisichopatikana. Tulipita kwenye magunia ya wauza nafaka, kunde nyeupe, kunde za rangi ya udongo, kunde za madoa, vilima vyake vimechongwa kwa mikono mpaka vikatoa ncha. Shangazi aliingiza vidole, akauliza za lini.

"Kunde ni kunde, mama," muuzaji mmoja alimwambia. "Hazina siku ya kuzaliwa."

"Nataka za kupanda."

"Hapa Kariakoo unapanda wapi? Juu ya boda?"

Wenzake wakacheka, na shangazi naye alicheka kidogo, kwa heshima ya utani. Tulichukua kiganja hapa, kiganja pale. Nyumbani alizifunga kwenye vitambaa vibichi, akavipanga chini ya kitanda, na kila alipopita chumbani alichuchumaa kufunua. Zilivimba. Zikatoa povu na harufu ya uchachu. Katika kila kitambaa ziliota chache, zilizobaki zikalainika na kuteleza vidoleni. Zilikuwa za misimu iliyochanganywa, zimekaa maghalani, pengine zimepigwa moshi wa dawa. Kwa mchuzi zingefaa sana.

Tukaenda kwenye maduka ya pembejeo, yale yanayouza mabomba ya kunyunyizia na dawa za kuku. Mwenye duka, kijana aliyevaa shati lililonyooshwa mpaka likakatika mistari, alitutolea pakiti nzuri yenye picha ya shamba la kijani. Akaichana pembeni kidogo kutuonyesha. Mbegu za ndani zilikuwa za waridi, zinang'aa kama peremende. Alisema zimepakwa dawa ili wadudu wasizile, na akatukumbusha zisipikwe, zina sumu. Zingeota karibu zote, alisema, na sura yake ilikuwa ya mtu anayesema kweli.

Shangazi aliifunga ile pakiti vizuri, akamrudishia.

Nilikasirika. Nakiri joto lilichangia, na mvua iliyokuwa imeanza, na matope ya Msimbazi yaliyokuwa yameingia kwenye viatu vyangu. Nilimwambia barabarani kwamba ameletewa mbegu mkononi na yeye anachagua rangi. Alisimama chini ya turubai la muuza mikoba, watu wakitusukuma huku na huku.

"Huko ninakokwenda," alisema, "hakuna kinachofanana na chakula kisicholiwa. Mimi nitasema ina sumu. Mtu mwenye mtoto anayelia njaa ataiosha. Ataiosha mara mbili, ataona rangi imetoka, ataipika."

Tuliondoka pale tukitembea kwa kasi, bila kuwa na mahali pa kwenda.

Mvua ya vuli ilinyesha mfululizo. Kwa sisi watu wa mjini, mvua ni foleni na umeme kukatika. Bonde la Jangwani lilijaa maji, magari yakageuzwa, na tuliokuwa ndani tukabaki ndani. Kwa shangazi mvua ilikuwa mtu anayemfukuza. Alisimama mlangoni akiangalia maji yakimiminika kwenye mfereji, yakibeba maganda ya machungwa na mifuko, akauliza watu wasiojua kama huko kusini nako kumeanza. Alimuuliza fundi cherehani. Alimuuliza hata mteja wa fundi cherehani. Alifagia ukumbi uliokwisha kufagiwa. Mimi nilikaa mezani nikaandika sentensi moja na kuifuta, nikaiandika tena. Nyumba nzima ilikuwa inahema juu juu.

Siku ya tatu ya mvua ile simu ikalia. Ilikuwa ya jirani wa kule, na sauti ilikuwa ya Bibi Mdogo, mbali, ikikatika. Tuliweka spika. Alisema upepo umegeuka, mawingu yanajikusanya mchana na kutawanyika jioni, na watu wameanza kukatua. Mwenye kiwanja alikuwa amepita kuulizia. Watoto hawajambo, mdogo anaharisha kidogo. Kisha akauliza, na alipouliza hakucheka hata kidogo, "Mbegu yangu ipo?"

Bibi alikuwa amekaa mkabala, tasbihi mkononi. Shangazi alimtazama. Walitazamana.

"Ipo, mama," shangazi alisema. "Mama mkubwa kaniwekea mahali pakavu."

"Mpe salamu dada. Mwambie namshukuru."

Simu ikakatika. Bibi aliweka tasbihi chini, akainuka, akavaa baibui yake ya kutokea, ile ya misibani na ya benki. Akasema kwa sauti kavu kwamba zipo bakuli mbili zilizokwenda mbichi, na anajua zilikokwenda.

Alikuwa anajua tangu jioni ile ya kwanza. Alitutuma kuzunguka Kariakoo nzima akijua. Sikumlaumu wala simlaumu, kwa kuwa nimekulia kwake na ninaelewa. Kwa watu wa rika na malezi yake, kilichotoka mkononi kimetoka. Ukirudi kukidai umejivua nguo, si wewe tu bali na mama yako aliyekulea. Bibi aliwahi kumpa mtu sufuria ya harusi yake mwenyewe kwa makosa, na kila Idi akaiona ikipikiwa kwa mwenzie, akaisifia biriani.

Tulimfuata mimi na shangazi, yeye mbele, mwavuli ameukataa.

Bakuli la kwanza lilikuwa kwa jirani wa mbavuni, muuza kanga, mwanamke mwenye mdomo unaojulikana mitaa mitatu. Alikuwa amekaa kibarazani na wanawake wengine wawili wakisubiri mvua ipungue wafungue meza zao. Bibi alisalimia. Hakukaa, ingawa alisogezewa kiti. Akasema amekuja kuchukua zile kunde.

"Jamani," muuza kanga alisema, akiwageukia wenzake, "mmesikia? Bi mkubwa kaja kunitoa tonge mdomoni. Kesho atadai na ubwabwa wa hitima ya baba yangu, mwaka ule kaniletea sinia zima."

Wenzake wakacheka. Bibi hakucheka wala hakununa. Alisimama maji yakimtiririka kwenye baibui.

"Nimekuja kudai," alisema. "Hazikuwa zangu. Ni mbegu ya mdogo wangu, nilikosea. Kama umezipika niambie niende zangu."

Sijawahi kumsikia Bibi akisema nilikosea mbele ya watu wasio wa nyumbani, na nadhani muuza kanga naye alikuwa hajasikia, maana aliinuka bila neno jingine. Alikaa ndani muda mrefu. Tulisikia makopo yakigongana. Shangazi alikuwa ameshika nguzo ya kibaraza kwa mikono miwili. Muuza kanga akarudi na bakuli letu, lile lenye maua ya bluu, bado limefunikwa kwa sahani kama lilivyokwenda. Gesi ilikuwa imemwishia, alisema, akala chipsi siku zote hizi, vinginevyo kunde hizo tungezifuata chooni.

Hapo wote walicheka, na shangazi alicheka akilia. Lakini habari haikuishia pale. Jioni hiyo hiyo bombani walikuwa wanasema nyumba yetu siku hizi inatoa kwa mkono mmoja na kukusanya kwa mwingine. Bibi alizipata hizo habari. Alisema tu kwamba chumvi imekwisha, mtu aende dukani.

Bakuli la pili lilikuwa ghorofani, jengo la mbele yetu, kwa mama mmoja wa Kihindi ambaye familia yake imekaa mtaa ule tangu majengo yalipokuwa ya udongo. Yeye hali nyama, na kunde za nazi za Bibi amekuwa akizisifu miaka yote, kwa hiyo Bibi humpelekea mbichi azipike kwa namna yake. Tulipanda ngazi. Bibi alipumzika kila ghorofa, na kila alipopumzika shangazi alipanda vidato viwili mbele kisha akarudi kumshika mkono.

Mama yule alifungua mlango akiwa na unga mikononi. Kabla Bibi hajamaliza kusalimia alimkatiza kwa furaha, akamvuta ndani, akasema amefika wakati mzuri, njoo uone kunde zako. Akaondoa kitambaa juu ya sahani pana ya chuma.

Zilikuwa zimeota. Alikuwa amezilowesha na kuziacha zichipue, maana kwao ndivyo zinavyoliwa. Kila moja ilikuwa imepasuka ganda na kutoa mkia mweupe, mnene, uliojikunja. Shangazi aliinama juu ya ile sahani. Alizipitia kwa ncha ya kidole, akizigeuza taratibu, akitafuta ambayo haikuota, na nilijua anatafuta nini kwa sababu mimi pia nilikuwa natafuta. Hatukuiona.

Bibi alianza kueleza. Uso wa yule mama ulibadilika kadiri maneno yalivyokuwa yanaingia. Aliangalia sahani, akaangalia mikono yake ya unga, akasema, "Dada, mimi nimeziua."

"Hujaziua," shangazi alisema. "Tazama zilivyo hai."

Hazingesafiri. Mikia ile ingekatika kabla ya basi kuvuka Rufiji. Shangazi aliliona hilo mapema kuliko sisi, akakaa kwenye kiti bila kuambiwa, mara ya kwanza kumwona akikaa kwa hiari yake nje ya chakula. Akauliza huwa zinaliwaje. Kwa chumvi na ndimu, mama yule alisema, na pilipili kidogo ukipenda. Basi tule, shangazi akasema. Tulizila pale pale, sisi wanne, tukizichota kwa vidole. Zilikuwa na ladha ya majani na maji ya kisima. Bibi alikula tatu nne, akaisogeza sahani mbali.

Shangazi aliondoka kesho yake alfajiri na basi la Mtwara. Bakuli moja la kunde alilifunga kwenye kanga na kujifunga kiunoni, chini ya nguo, kama mwanamke mwenye mimba changa. Majembe yalifungwa kwa kamba ya mkonge. Bibi alitaka kumwongezea mchele na unga na shangazi akachukua alivyoweza kubeba. Pale Mbagala, kelele za wapiga debe zikiwa juu yetu, Bibi alimwambia amweleze mdogo wake ukweli wote, asimfiche.

"Nitamwambia tumekula pamoja," shangazi alijibu. Akapanda.

Zilitosha nusu ya kiwanja. Tulizipata habari kwa ujumbe mfupi mfupi wa kwenye simu ya jirani yule yule. Mvua ilikuwa imewatangulia kwa usiku mmoja na mwenye kiwanja alikubali, akachukua nusu ile nyingine akawapa watu wengine, ambao nao walipanda mtama. Halafu, zimeota. Halafu, zina majani matatu. Bibi alikuwa akiniita kutoka chumbani kila simu yangu ilipotoa mlio, hata ule wa matangazo ya vifurushi. Wenzangu ninaosoma nao kazi zetu Jumamosi walinitaka niwaletee kisa hiki, nikawaambia subirini, kwa kuwa sikuwa tayari kukizungumza kama kitu kilichokwisha.

Kikapita kimya kirefu. Simu ya kule haikupatikana. Redio ilisema milio ya risasi imesikika katika vijiji vya bara, ikataja wilaya, ikaenda kwenye michezo. Bibi aliizima, akaiwasha, akaizima. Alikuwa haketi tena. Alisimama mlangoni pale pale aliposimama shangazi, akiuangalia mtaa ukipita mbele yake na mizigo yake kichwani.

Ujumbe uliofuata ulikuja adhuhuri moja ya jua kali. Walikuwa wamelala porini, wote wazima, wamerejea. Kijiji hakikuguswa, lakini watu wengine wanaokimbia kutoka mashariki walipitia pale wakati hakuna mtu, na kunde zimeliwa.

Niliusoma kwa sauti. Bibi aliniamuru niulize, wamechuma au wameng'oa. Niliandika. Akasimama juu yangu mpaka jibu lilipoingia.

Wamechuma majani tu, shangazi aliandika. Mashina wameyaacha yote, hata lile la pembeni kabisa njiani. Ni watu wa kulima hao. Mvua ikiendelea yatatoa tena.

Bibi alikaa kwenye mkeka. Alinyoosha miguu, akasugua magoti, akafumba macho kidogo. Nilidhani ametulia. Kisha akayafumbua.

"Muulize kama inanyesha," alisema.